Vunja lako jicho au mkuki kwa nguruwe? Misimamo miwili ya jema na baya, ushike upi

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha ukoo kule Igombe, tumekaa chini ya mwembe toka saa nne asubuhi mpaka jua likaanza kuzama ziwani, na ukiangalia juu juu tulichokuwa tunabishania ni mtumbwi mmoja na injini yake ya HP 15. Mwenye mtumbwi ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alifariki mwezi wa pili, arobaini imeshapita, sasa baba wadogo wanasema mtumbwi, injini, nyavu na nyumba virudi kwenye ukoo maana ndo mila, na mjane atatunzwa na watoto wake. Hao watoto wenyewe mkubwa yuko darasa la sita.

Shemeji alikaa kwenye mkeka pembeni na kina mama, khanga kaifunga kiunoni, mkononi kashika bahasha ya kaki imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa. Mpaka saa nane mchana hakuna mtu aliyemuuliza kitu.

Sasa kilichonishtua sio wazee, wazee nilishajua watasema nini. Kilichonishtua ni binamu yangu, kijana kamaliza chuo mwaka jana, anasimama anasema jamani sisi ni nani tuseme hii mila ni mbaya, jema la Msukuma sio jema la Mzungu, kila jamii ina jema lake na baya lake na hakuna kipimo cha juu kinachoweza kuzihukumu zote. Wazee wakapiga makofi. Mi nilijibu hovyo siku ile, nikapandisha sauti, nikasema vitu havijapangika, kwaiyo naandika hapa taratibu kile ambacho ningependa kukisema, maana naona vijana wengi wanashika msimamo huu wakidhani ndo heshima kwa Afrika, na wengine wanaukimbia wakidhani ni dhambi, na wote hawajauweka mezani wakaulinganisha na mwenzake.

Msimamo wa binamu wasomi wanauita urelativisti wa maadili. Kiswahili kilishausema zamani kabla ya wasomi: ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Na msimamo wa pili nao tunao wenyewe, hatujaletewa na meli: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Yani kabla hujasema jambo ni sawa jiulize lingekuwa sawa hata kama lingekuja upande wako. Ntaita huu wa kwanza upande wa chongo na wa pili upande wa mkuki, tusichoshane na majina marefu.

Kitu kimoja tukiweke sawa kwanza. Wazee wanaposema mwacha mila ni mtumwa, wao sio upande wa chongo. Baba mdogo haamini kwamba mila ya Mkurya ni sawa kwa Mkurya na ya Mhaya ni sawa kwa Mhaya, anaamini ya kwetu ndo sahihi basi, na ya wengine wamepotea. Binamu ndo anaamini zote ziko sawa. Wazee walimpigia makofi lakini hawakukubaliana naye hata kidogo, ukimpeleka binamu mpaka mwisho wa hoja yake baba mdogo ndo wa kwanza kumkemea.

Upande wa chongo, nguvu yake iko wapi

Tuupe haki yake. Kuna kisa cha zamani sana alikiandika Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Mfalme Dario wa Uajemi aliwaita Wagiriki akawauliza mnataka shilingi ngapi ili mle maiti za baba zenu, wakasema hata mtupe nini hatuwezi. Akawaita watu wa kabila moja la India ambao desturi yao ilikuwa hiyo ya kula, akawauliza mnataka ngapi ili mzichome moto kama Wagiriki wanavyofanya, wakapiga kelele za uchungu wakamwomba asitamke maneno hayo. Herodotus akasema desturi ndo mfalme wa wote.

Na huna haja ya kwenda Uajemi. Hapa hapa Mwanza Msukuma anataka azikwe nyumbani kwake kwenye boma, karibu na wanae, mwingine anaona kulala na kaburi uani ni mkosi, Muislamu anataka azikwe haraka bila jeneza, Mkristo anakaa siku tatu anasubiri mjomba atoke Dar, Mhindu anachoma. Nani kakosea? Hakuna. Yeyote anayesimama hapo aseme hawa ni wabaya na mimi ndo mwema, huyo ana shida.

Halafu kuna historia ambayo inawapa watu wa chongo haki ya kuwa wakali. Walikuja watu huku na jema lao la dunia nzima mkononi, na kwenye hilo jema ngoma zetu zikawa ushetani, majina yetu ushetani, dawa za mitishamba ushetani. Nenda Bujora pale Kisesa leo. Kanisa lile limejengwa kwa alama za Kisukuma, na kila mwezi wa sita kwenye Bulabo, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, vikundi viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, wanashindana mchana kutwa na mapadre wapo wanaangalia. Kilichoitwa uovu kikaonekana kilikuwa tofauti tu. Hili ni somo zito na mi nalibeba.

Wasomi wa Marekani nao walifika hapo. Ruth Benedict mwaka 1934 aliandika kwamba tukiita kitu chema kimsingi tunasema ni kitu ambacho jamii yetu imekizoea. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kikauandikia Umoja wa Mataifa, uliokuwa unaandaa tamko la haki za binadamu, kikiuliza hilo tamko litakuwaje la binadamu wote bila kuwa mawazo ya watu wa Ulaya na Marekani tu. Ni swali la haki kabisa, wakati ule sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya mkoloni na hatukuwa hata na kiti.

Kwaiyo faida za upande huu: unakufundisha unyenyekevu, unakuzuia kuhukumu haraka, unakufanya uulize kwanza kabla ya kusema. Mwalimu mgeni anayepangiwa Ukerewe akaanza kucheka jinsi watu wanavyosalimiana, huyo anahitaji dozi ya chongo, tena nzito.

Unakwama wapi

Unakwama haraka, na sehemu unazokwama ndo sehemu ambazo mtu anaumia.

Tamko lile lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Nchi 48 zilikubali, hakuna iliyopinga, 8 hazikupiga upande wowote, na mojawapo ya hizo 8 ni Afrika Kusini. Mwaka ule ule makaburu ndo wameingia madarakani na sera yao ya ubaguzi. Sasa fikiria Mwalimu Nyerere angekuwa mtu wa chongo. Angesema tu aah, wale wana utaratibu wao, kwao ni jema, sisi ni nani. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, isingekuwa na ofisi Dar es Salaam toka 1963, vijana wa kule wasingepata kambi hapa. Na mwanachama wa TANU alikuwa anaahidi kwa mdomo wake kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Wote. Hakikuwa kitu cha Mzungu kile, kilisemwa na wakulima wa pamba wa Usukuma wamesimama pekupeku kwenye mkutano, kumpinga Mzungu.

Ndo maana nikisikia mtu anasema haki za wote ni ukoloni naumia, maana ukoloni wenyewe tuliupinga kwa hoja hiyo hiyo. Ukiitupa hoja umemrudishia mkoloni uhalali, kwake kututawala lilikuwa jambo jema na jamii yake ililikubali.

La pili, binamu anasema "jamii" kama vile ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Jamii ya Kisukuma ni nani? Ni baba mdogo? Shemeji ni Msukuma wa Magu, kazaliwa hapo kakulia hapo, anaota kwa Kisukuma, na yeye anasema mila hii inamuonea. Mbona yeye hahesabiwi kwenye "jamii"? Ukichunguza utakuta mara nyingi jamii maana yake ni wale wenye viti, walioko kwenye mkeka hawamo. Upande wa chongo unadhani unaheshimu kabila zima kumbe unaheshimu wenye sauti ndani ya kabila.

La tatu, hauwezi kueleza mtu kubadilika akawa bora. Kama jema ni kile jamii inachokubali, basi yule wa kwanza aliyesimama kijijini akasema tuache kuua vikongwe alikuwa mwovu siku hiyo, maana alikuwa peke yake.

Hapo kwa vikongwe naomba nikae kidogo.

Bibi yangu mzaa mama kule Magu alikuwa na macho mekundu. Nakumbuka nikiwa mdogo tukienda likizo, yupo jikoni, jiko la udongo halina dirisha, anapuliza moto wa kuni zikiisha anaongeza mavi ya ng'ombe makavu, moshi unajaa mpaka humuoni, unasikia tu anakohoa, halafu anatoka nje anafuta macho na ncha ya khanga na anacheka na sisi. Miaka 50 ya moshi ule. Na huku kwetu, Mwanza, Shinyanga, Geita, vikongwe wa namna ile wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu na mtoto wa jirani kafa, au ng'ombe wamekufa, mganga kapiga ramli kasema mchawi ni yule bibi.

Sasa mtu wa chongo atakwambia wale walikuwa na maadili tofauti na yako. Hapana! Angalia vizuri. Yule aliyemtuma muuaji alitaka nini? Kulinda watoto wake. Na mimi nataka kulinda watoto wangu. Jema letu ni lile lile. Tofauti iko kwenye ukweli: yeye anaamini macho mekundu yanaua mtoto, mimi najua ni moshi, na mtoto aliuawa na malaria au kuhara. Tofauti nyingi ambazo tunaziita tofauti za maadili ukizifungua ndani unakuta ni tofauti za taarifa. Hata kisa cha Dario ni hivyo, Wagiriki na wale Wahindi wote walikuwa wanataka kumheshimu baba aliyekufa, wamepishana njia tu. Hii kwangu ndo hoja kubwa kuliko zote na sikuikumbuka kabisa siku ya kikao.

Lakini nisiseme kila kitu ni taarifa. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyoshika kasi kanda hii kuanzia kama 2007, pale hakuna aliyekuwa analinda mtoto. Pale mtu alitaka utajiri, samaki wengi au dhahabu, akaona mtu mwingine ni kiungo cha dawa. Hata kama dawa ile ingekuwa inafanya kazi kweli, narudia, hata kama ingefanya kazi, ingekuwa ovu lile lile. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, sawa, lakini kilichokosekana kwa yule mnunuzi hakikuwa elimu, ni kumuona mwenzake kuwa mtu.

Upande wa mkuki nao

Basi twende na huu. Nguvu yake ni hiyo, una neno la kumwambia mnunuzi wa viungo, na una neno la kumwambia kaburu, na una neno la kukwambia wewe mwenyewe. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alilieleza vizuri: mila zinatofautiana sana na hilo sio tatizo, ila hakuna jamii ya binadamu inayoweza kusimama bila watu wake kujiweka kwenye nafasi ya wenzao. Ndo mkuki na nguruwe kabisa, huyu ni Mwakan wa Ghana anasema kitu ambacho bibi yangu angekielewa bila tafsiri.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza nimeshausema, kiburi, mtu anachukua mazoea ya kwao anayapa jina la jema la wote. Dawa yake ni ile dozi ya chongo.

Wa pili ni kwamba ukishakubali kuna kipimo cha wote, bado utauliza kipimo chenyewe ni kipi, na hapa wenyewe kwa wenyewe wanagombana. Kina Bentham na Mill wa Uingereza wanasema angalia matokeo, jema ni lile linaloleta nafuu kubwa kwa wote wanaoguswa. Kant, Mjerumani, mwaka 1785 akasema fanya lile tu ambalo ungekubali kila mtu alifanye, na mtu asitumiwe kama chombo tu cha kupatia kitu kingine, hata matokeo yawe matamu vipi. Ukitaka kuona tofauti nenda mwaloni ukaongee na mtu wa kokoro.

Kokoro, wavu wa kukokota, limekatazwa na kila mtu ziwani anajua, linavutwa kutoka ufukweni linakomba kwenye maji ya kina kifupi ambako ndo mazalia, linabeba sato mdogo kama kiganja, sangara wasiofika sentimita 50 ambazo sheria inataka, furu, kila kitu. Mvuvi wa kokoro atakwambia watoto wangu wanakula leo, we unataka nifanyeje. Na anasema kweli, njaa yake ni ya kweli, usimdharau. Ukimpimia kwa matokeo utahesabu na watoto wa jirani wa mwaka kesho, na wanawake wa Kirumba wanaosubiri samaki, na mizani inamlemea. Ukimpimia kwa njia ya Kant unamuuliza swali moja tu: ungekubali kila mtu ziwa zima avute kokoro? Anakaa kimya. Najua anakaa kimya kwa sababu nimemuuliza mmoja, rafiki wa kaka yangu, akaangalia maji muda mrefu akasema wakivuta wote tumekwisha.

Mara nyingi vipimo hivi viwili vinafika mahali pamoja hivyo. Vikigombana, mi nasimama na mtu kwanza hesabu baadae, lakini najua wapo wenye akili kuliko mimi wanaosimama kule, na hilo halinifanyi niseme basi hakuna jibu. Mafundi wawili wakibishana urefu wa ubao haina maana ubao hauna urefu.

Ukivileta kwenye urithi

Turudi Igombe. Mila anayoitetea baba mdogo sio ya mdomoni tu, iliandikwa kwenye tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, kwamba mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Na ngoja niwe mkweli, kipindi kile ilikuwa na mantiki yake. Mali ilikuwa ng'ombe na shamba la ukoo, na ukoo ulikuwa unamlisha mjane kweli, alikuwa haachwi. Upande wa chongo unanisaidia kuona hilo, kwamba wazee wale hawakuwa wakatili.

Ila leo ukoo haulishi mtu. Baba mdogo mmoja yuko Geita, mwingine yuko Buzuruga ana shida zake. Mila imebaki na mkono wa kuchukua, mkono wa kutunza umekatika.

Wajane wawili waliofiwa chini ya mila hii hii ya Kisukuma walienda mahakamani. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba sheria ile inabagua, halafu ikakataa kuifuta, ikisema mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Rufaa ikatupwa 2010 kwa sababu za kiufundi. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa. Ukisoma safari hiyo unaona misimamo yetu miwili imekaa ndani ya hukumu moja: tunaona ni uonevu, lakini ni mila, tuiache. Wale kina mama walikuwa wameshatolewa kwenye nyumba na watoto wao.

Sasa ushike upi

Kama wewe ni mgeni mahali, umeolewa kabila lingine, umehamishwa kikazi, unasoma na watu wa dini nyingine, anza na chongo. Nyamaza, angalia, uliza. Chakula, mavazi, salamu, mazishi, ngoma, mahari ya ng'ombe wangapi, kwenye hivyo vyote chongo kinatosha na kitakuepusha na aibu.

Kama jambo lina mtu anayelia, chongo hakitoshi, hamia mkuki. Na njia yangu ya kujua ni saa ngapi uhame ni kutafuta nani hajaulizwa. Mila ambayo ukiwauliza wote inaowagusa, kila mmoja peke yake bila kutishwa, wanaikubali, hiyo iache hata kama wewe inakushangaza. Mila ambayo inasimama kwa sababu mtu fulani lazima akae kimya, hiyo iulize maswali hata kama ni ya babu yako. Binti wa Kikurya anayekeketwa hajaulizwa. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini hata kabla ya 1998 alikuwa hajaulizwa. Kikongwe hajaulizwa. Samaki wa mwaka kesho na mtoto atakayewahitaji hawajaulizwa. Sato aliyechomwa au wa kuchemsha, hapo hakuna wa kuuliza, kula.

Na kama unauchagua upande wa chongo ili tu usigombane na wazee, hiyo naielewa, nimeifanya sana, ila usiiite falsafa. Heshima kwa wazee unaweza kuwa nayo na bado ukasema hapana, unaanza na shikamoo, unakaa chini, unasema baba mdogo naomba nizungumze. Nilichokosea Jumamosi ni hapo, nilikuwa na mkuki bila shikamoo.

Aliyeokoa kikao sio mimi. Saa nane shangazi, dada yao marehemu baba mkubwa, alisema mbona hatujamsikia mwenye msiba. Shemeji akasogea mbele akapiga goti kama kawaida, akafungua ile bahasha, akatoa daftari la vikoba. Akaanza kusoma tarehe. Mkopo wa kwanza alichukua yeye, akauza dagaa Kirumba miezi kumi na moja kuurudisha, hela za mkopo huo ndo zilizonunua injini. Mkopo wa pili nyavu. Risiti zimebandikwa kwa gundi kwenye kurasa, zingine wino umefifia unasomeka kwa shida, shangazi akawa anaziinua kwenye mwanga. Hakulia, alisoma tu mpaka ukurasa wa mwisho, akafunga.

Baba mdogo wa Buzuruga akakaa kimya sana halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, akasema binti yangu kaolewa Sengerema, mumewe naye ni mvuvi. Akanyamaza hapo hapo, hakumalizia, na hakuna aliyemuuliza amalizie.

Tumekubaliana mtumbwi, injini na nyavu ni vya shemeji na watoto, na yeye ndo tumempendekeza awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao umeandikwa na binamu, yeye ndo mwenye mwandiko mzuri, na aliuandika vizuri bila kubadilisha neno. Nyumba bado, baba mdogo wa Geita amesema nyumba lazima irudi na aliondoka kabla ya ugali, kwenye karatasi jina lake lipo ila sahihi hakuna. Wiki ijayo napanda basi nimfuate Geita. Ntaenda na shangazi, na lile daftari.